Kabla Hamjayang'oa Yaliyobaki

Barua za mwezi huu zimejaa meno, na nyingi zinaishia kwenye swali moja: Dada, meno bandia yapi ni bora, ya taya zima au ya kuziba mapengo? Nitaanza na barua ya mdogo wetu wa Tanga, maana ndani yake yamo maswali ya wengi.

Mama yake ana miaka 63. Taya la juu limebakiwa na meno manne, yote yanacheza. Chini amebaki na sita ya mbele, imara, ila magego yalishaondoka zamani. Walipokwenda kliniki, mama akaambiwa asijisumbue na vipande vipande, yang'olewe yote kumi, atengenezewe seti kamili juu na chini, yaishe. Mama amekubali, kachoka na maumivu. Binti roho inasita.

Isite tu, mdogo wangu. Kwa maelezo uliyonipa, juu huenda kweli akahitaji meno ya taya zima. Lakini yale sita ya chini usiruhusu yaguswe mpaka daktari wa pili ayaangalie, kwa macho na kwa picha ya eksirei, akueleze moja baada ya jingine kwa nini liondoke. Mimi si daktari. Nimewasindikiza wazee wa ukoo wetu kwenye kiti cha meno kwa miaka mingi, shangazi, mama wakubwa na baba mdogo mmoja mbishi sana, na madaktari nimewauliza maswali mpaka wamenizoea. Nililojifunza kwao ni kwamba watu wengi huanzia mwisho. Huchagua kwanza aina ya meno bandia, kisha hung'oa meno ili yalingane na chaguo lao. Inatakiwa ijulikane kwanza jino lipi linaweza kuokolewa, na kila taya liamuliwe peke yake. Hakuna sheria inayosema juu na chini lazima vifanane.

Kwa nini nayang'ang'ania meno sita ya bibi wa watu? Kwa sababu ya mfupa. Mfupa unaoshika meno huishi kwa ajili ya meno. Unapotafuna, mzizi huusukuma, nao hubaki imara. Jino likitoka, mfupa ule unakosa kazi na kuanza kusinyaa. Husinyaa kwa kasi katika miezi 6 hadi 12 ya mwanzo, kisha polepole, lakini hauachi maisha yote. Taya la chini ndilo linaloumia zaidi, husinyaa takriban mara nne ya taya la juu. Mtu akikaa kibogoyo miaka mingi, uso wake hufupika, kidevu husogea karibu na pua, midomo huingia ndani. Tunasema kazeeka. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita uzee pale ni mfupa uliokwisha.

Meno ya taya zima nayo huutegemea mfupa huohuo ulioanza kuondoka. Ya juu yana nafuu. Hufunika kaakaa lote na kushikwa na utando mwembamba wa mate, kama vioo viwili vilivyolowa vinavyogandana. Chini hakuna kaakaa. Kuna ukanda mwembamba wa ufizi, ulimi usiotulia katikati, mashavu na midomo pembeni. Ukipiga chafya, yanapaa. Ukicheka, yanahama. Ukimwona mzee anazungumza huku akiyarudisha meno mahali pake kwa ulimi, mara nyingi ni ya chini hayo. Na hata yakikaa vizuri kabisa, nguvu ya kung'ata kwa meno ya taya zima huwa takriban robo ya ile ya meno ya asili, na kwa wengine haifiki hapo. Wanaoambiwa kwamba baada ya seti mpya watarudi kwenye muwa na mahindi ya kuchoma wanadanganywa, na hilo linaniuma kwa sababu wengi wao wametoa meno yaliyokuwa bado yanafanya kazi.

Kuna utafiti mmoja ninaoukumbuka kila ninaposikia neno "yang'olewe yote". Mwaka 1978, watafiti Crum na Rooney walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa kwa miaka 5. Kundi moja lilivaa meno ya taya zima juu na chini. Kundi jingine chini waliachiwa chonge mbili, zikakatwa fupi, meno bandia yakakaa juu yake. Wale wasiobakiwa na kitu walipoteza kwa wastani milimita 5.2 za kimo cha mfupa wa mbele wa taya la chini. Walioachiwa chonge walipoteza 0.6. Chonge mbili tu, wadogo zangu. Kwa hiyo hata jino lililovunjika mpaka usawa wa ufizi, msikimbilie kusema halina maana. Kama mzizi ni mzima, unaweza kutibiwa, ukafunikwa, ukabaki mahali pake ukiulinda mfupa na kuyabeba meno bandia. Ulizeni hilo kwa sauti, hasa kuhusu chonge za chini.

Sasa, wa Tanga, nisikilize na upande wa pili, maana sitaki kukupa nusu ya habari. Taya zima juu, na chini meno sita ya mbele peke yake, ni mpangilio wenye hatari yake. Daktari wa meno Ellsworth Kelly aliieleza mwaka 1972. Mama atatafunia mbele, kwa kuwa huko ndiko kwenye meno ya kukutana. Yale ya chini ya asili yatayagonga meno bandia ya juu sehemu ileile kila siku, sahani ya meno hayo bandia itabonyea mbele na kuning'inia nyuma, mfupa wa mbele wa juu utalika na ufizi pale utakuwa laini, unatikisika ukiuminya. Dawa yake si kung'oa sita. Dawa ni chini awekewe meno bandia ya kuziba mapengo yenye magego pande zote mbili, ili mzigo wa kutafuna ugawanyike. Ayavae, yasikae kabatini. Na kila mwaka arudi kukaguliwa, kwa sababu ufizi chini ya magego yale utaendelea kushuka na yatahitaji kuongezewa plastiki ya akriliki kwa chini ili yakae sawa.

Basi ni lini ningekubali yang'olewe yote? Kama ugonjwa wa fizi umeula mfupa mpaka meno yanaelea na kutoa usaha. Kama yameoza chini ya ufizi na hakuna mzizi wa kuokoa. Kama mama hawezi tena kuyasafisha, mikono inatetemeka, na nyumbani hakuna wa kumsaidia, kwa sababu meno machache yasiyosafishwa huku yamebanwa na vibanio vya meno bandia huoza upesi kuliko mnavyodhani. Hizo ni sababu. "Yaishe" si sababu. Tena mpimeni sukari kabla ya yote. Meno yanayolegea kwa mpigo yanaweza kuwa na kisukari nyuma yake, na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha vidonda kupona. Kama anatumia dawa za kuifanya damu iwe nyepesi, daktari wa meno aambiwe kabla hajashika koleo.

Kuna na mwenye miaka 34 wa Mwanza aliyepoteza magego mawili ya chini, moja kila upande, ya mwisho kabisa. Anaona aibu, anataka meno ya kuvaa. Wewe nakuuliza: unatafuna vizuri? Huna maumivu? Basi pesa yako iweke. Si kila pengo linadai jino. Dk. Paulo Sarita wa Tanzania, na wenzake wa Nijmegen, Uholanzi, walichunguza jinsi Watanzania wenye magego pungufu wanavyotafuna vyakula vyetu vya kawaida, wakachapisha mwaka 2003. Waliona kwamba mwenye meno ya mbele na magego madogo yote, pamoja na angalau jozi moja ya magego makubwa yanayokutana, hutafuna vya kutosha. Shirika la Afya Duniani nalo kwa miaka mingi limehesabu meno 20 ya asili yanayofanya kazi kuwa lengo la kutosha, wakati mdomo uliokamilika una 32. Meno bandia ya nyuma kwa mtu asiyeyahitaji huishia kwenye droo. Ila kama gego la juu limeanza kushuka kuingia kwenye pengo, au majirani wa pengo wanalala, nenda kaonwe mapema. Na jino la mbele ni habari nyingine. Huwezi kumwambia mtu aishi na pengo la mbele wakati anauza duka au anafundisha darasa, na sitamwambia.

Nije kwenye aina zenyewe, maana hapa ndipo mnapouziwa mbuzi kwenye gunia. Meno mengi ya kuziba mapengo mnayopewa ni ya akriliki, ile plastiki ngumu ya waridi. Ni nafuu, hutengenezwa haraka, na jino jingine likitoka baadaye fundi anaweza kuliongeza palepale. Udhaifu wake ni kwamba mara nyingi hulalia ufizi tu, na hula ufizi wa meno ya jirani kama hayakuundwa vizuri. Ya chuma, yaani mchanganyiko wa kobalti na kromu, ni membamba na magumu, na yana viguu vidogo vinavyokaa juu ya meno yako ya asili, hivyo mzigo unabebwa na meno badala ya ufizi mtupu. Kwa mtu mwenye meno imara yaliyobaki, kama mama wa Tanga kule chini, ningejibana nikanunua haya. Ya tatu ni ya nailoni, yanayopindika, yasiyo na chuma kinachoonekana. Warembo wameyapenda sana. Yanapendeza kweli, lakini yakilegea ni vigumu kuyarekebisha, na kwa pengo refu la magego pande zote mbili huzama ufizini. Kwa jino moja au mawili ya mbele, sawa.

Wenye uwezo zaidi wataambiwa habari za vipandikizi, skrubu za titani zinazopandwa kwenye mfupa. Kwa aliyekwisha kuwa kibogoyo chini, viwili tu vya mbele vinatosha kuyashika meno ya taya zima yasicheze. Wataalamu waliokutana Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, mwaka 2002 walisema hilo ndilo liwe chaguo la kwanza kwa taya la chini lisilo na meno. Gharama yake kwa wengi wetu bado ni mlima. Nalitaja ili mtu mwenye watoto wanne wanaofanya kazi ajue kwamba wakichanga, mama hahitaji kuhangaika na gundi kila asubuhi.

Wa Arusha na Meru, na nyinyi wa Naivasha na Nakuru, nina neno lenu. Maji ya kwenu yana floraidi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano ya Bonde la Ufa, na aliyeyanywa utotoni, meno yakingali yanaumbika, hubaki na rangi ya kahawia. Nimepata barua ya msichana wa miaka 24 anayetaka kung'oa meno sita ya juu, mazima, ili awekewe meupe ya bandia kabla hajaanza kazi mjini. Mdogo wangu, nakusihi usifanye. Rangi ile iko kwenye ngozi ya juu ya jino, haikuua mzizi wala mfupa. Kuna kusugua kwa dawa maalumu, kuna kufunika kwa dawa ile nyeupe ya kuzibia meno, na kuna vigae vyembamba vya kubandika juu ya jino. Yote hayo yanaliacha jino lako mahali pake. Ukiyang'oa ukiwa na miaka 24, utakuwa unabadilisha meno bandia maisha yako yote, kila baada ya miaka 5 hadi 8 hivi, juu ya mfupa unaopungua kila unapobadilisha.

Mwingine ana harusi ya bintiye Desemba na hataki kusimama kwenye picha na pengo. Inawezekana. Kwa kawaida daktari hung'oa, akasubiri wiki kadhaa ufizi upone, ndipo achukue vipimo. Lakini kuna meno bandia ya siku hiyohiyo, yanayotengenezwa kabla ya kung'oa na kuvishwa ukiwa bado kwenye kiti. Ukipewa hayo, usiyatoe saa 24 za kwanza mpaka daktari mwenyewe ayatoe, maana ufizi utavimba yasirudi. Na ujue mapema kwamba katika miezi inayofuata, mfupa ukisinyaa, yatalegea, yataongezewa akriliki, na pengine utalipia mapya. Hivyo uliza bei ya yote mawili siku ya kwanza. Uliza pia kama bei ni kwa jino au kwa taya, kama marekebisho yamo ndani, na bima yako inalipa kiasi gani. Jibu la bima litake kwa maandishi kabla jino halijatoka.

Na wale wanaokaa vichochoroni na kichupa cha akriliki, wanakuchanganyia unga na maji yake na kukumwagia mdomoni ili ikauke juu ya pengo, waogopeni. Akriliki ile inapoganda hutoa joto, dawa yake mbichi huunguza ufizi, na ikishagandana na meno ya jirani haitoki, haisafishiki, na kila chakula kinaoza chini yake. Mwaka mmoja baadaye mtu aliyekuwa na pengo moja anakuja na matatu.

Kwa daktari mwenyewe, kuna siku moja msikubali irukwe. Ni siku ya majaribio ya nta. Meno yenu hupangwa kwanza kwenye nta, mkavaa, mkajiona kwenye kioo, kabla fundi sanifu hajayageuza akriliki. Siku hiyo nenda na mtu anayekupenda na asiyeogopa kukwambia ukweli. Nenda na picha yako ya zamani uliyocheka. Kama mbele ulikuwa na mwanya na watu wamekujua kwa huo, sema, utapangiwa mwanya. Angalia rangi nje kwenye mwanga wa jua, maana meupe pee kwenye uso wa miaka 60 huonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Hesabu mpaka ishirini kwa sauti. Kama unasoma Kurani au unaimba kwaya, soma na uimbe palepale, bila haya, kwa sababu sin, fa na thaa hutoka kwenye meno ya mbele, na nta hurekebishika kwa dakika chache wakati akriliki hairekebishiki.

Mkishayapata, jipeni muda. Siku za mwanzo mate hujaa, maneno hupinda, na kwa aliyevaa ya juu ya taya zima chakula hupungua ladha kidogo kwa sababu kaakaa limefunikwa. Anzeni na ugali laini, ndizi za kupika, maharage, samaki, wali uliolowa mchuzi. Tafuneni pande zote mbili kwa pamoja ili yasiinuke upande mmoja. Kidonda kikitokea rudini kwa daktari, naye atasugua pale panapochoma. Msisugue wenyewe kwa tupa au msasa wa nyumbani, nimeona meno mazuri yakiharibiwa hivyo. Yaoshwe kila siku kwa brashi na sabuni ya kawaida, si kwa dawa ya meno, kwa sababu inayakwaruza. Yaosheni juu ya beseni lenye maji ili yakiteleza yasipasuke. Maji ya moto yanayapinda.

Nimeacha mwisho barua ya mdogo wetu wa Mombasa, kwa sababu nimeisoma nikaumia. Ana meno manne ya mbele ya bandia tangu kabla hajaolewa, na mumewe hajui. Analala nayo miaka yote. Sasa kaakaa limekuwa jekundu na linawasha, na pembe za mdomo zimepasuka. Mdogo wangu, hiyo ni fangasi inayopenda meno bandia yasiyotolewa, inatibika, nenda upewe dawa wiki hii, na meno yenyewe yasafishwe kliniki, la sivyo itarudi. Kulala nayo si jambo dogo, hasa umri ukisonga. Huko Japani wazee wenye miaka 85 na zaidi waliokuwa wakilala na meno bandia walipofuatiliwa, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulikuta wanapata nimonia takriban mara mbili ya wanaoyatoa.

Kuhusu mumeo, naamini angependa kujua kuliko kukuona unaugua. Mwambie mchana, mkiwa wawili, meno yakiwa mdomoni, kwa maneno machache: meno yaliuma nikiwa msichana, yakatolewa, nikavaa haya, daktari ameniambia niyatoe usiku. Huna kosa la kuomba radhi. Na kama moyo haujawa tayari wiki hii, basi yatoe mchana akiwa kazini, kwa muda wa saa sita hivi kila siku, uyaweke kwenye bakuli la maji baridi lenye kifuniko, ufizi upumue, na chini ya kila kibanio upitishe brashi laini yenye dawa ya meno kwenye meno yako ya asili yanayoyashika. Hayo ndiyo usiyoyakubali yaondoke. Yakitoboka, njoo uniambie mapema.